Mpakaji wa Vitanda

"Anapaka vitanda," Msusi alisema, na kitana kikasimama katikati ya kichwa cha Mama Bonge. "Vitanda vya wagonjwa. Nakwambia kitu nilichokiona kwa macho yangu haya mawili, sikuhadithiwa."

Mama Bonge alikuwa amekaa chini kwenye kipande cha mkeka, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Msusi, mtoto kampakata. Mtu akishikwa nywele namna hiyo hana pa kwenda, atasikiliza tu. Msusi alilijua hilo. Habari zake nzito zote alizitunzia vichwa.

"Anapaka nini?"

"Ningejua si ningekuwa mwenzake! Ana kichupa, kidogo hivi, kama cha rangi ya kucha. Siku ile nilikwenda kumtazama wifi yangu. Nikamwona anaingia wodini, kimya kama paka. Anachovya kijiti, anagusa chuma cha kitanda hapa, anagusa kimeza pale, anagusa kitasa cha mlango, huyo katoka. Kesho yake narudi, kitanda cha jirani wa wifi yangu kitupu."

"Labda aliruhusiwa kwenda nyumbani."

"Mimi nimekuta kitanda kitupu. Kitanda kitupu ni kitanda kitupu." Msusi akavuta fundo la nywele mpaka machozi yakamtoka Mama Bonge. "Wewe bado mdogo, mwenzangu. Maziwa ya kunyonyesha yamekupanda kichwani."

Mwanamke aliyekuwa akisemwa aliishi hapo hapo, chumba cha mwisho upande wa choo. Nyumba ile ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja. Alikuwa amehamia na begi, godoro lililofungwa kamba, na sufuria mbili zilizoingiana. Mtu mzima, nywele zimeanza kuingia mvi pembeni, viatu vya mpira visivyotoa sauti. Jina lake alilitaja siku ya kwanza, lakini baada ya habari ya Msusi halikuitwa tena. Akawa Mpakaji.

Tangu hapo ua mzima ukajifunza kumkwepa. Akifika bombani, ndoo zilizokuwa kwenye foleni ziliondoka zenyewe kana kwamba zina miguu. Watoto walikatazwa kuokota mpira ukigonga mlango wake, kwa hiyo mipira ilikaa pale mpaka yeye mwenyewe atoke, airushe ua wa kati kwa upole, arudi ndani. Akisalimia, "Habari za jioni, jamani," alijibiwa na mmoja kwa niaba ya wote, tena kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

Mama Bonge hakuwa msemaji. Darasa la saba alimaliza, akaolewa na dereva wa lori ambaye alikuwa nyumbani siku chache kuliko alizokuwa barabarani. Alizoea kukaa kizingitini na mtoto, akiangalia. Ndivyo alivyoona kwamba Mpakaji, kila akirudi kazini, alinawa mikono bombani muda mrefu: viganja, katikati ya vidole, vidole gumba, mpaka viwiko. Aliona pia kwamba kila jioni aliosha vikombe viwili na kuvifunika juu ya dirisha vikauke, wakati mgeni hakuna aliyewahi kumwona. Kimoja kilikuwa na madoa ya chai. Cha pili kilikuwa kipya bado, kimechakazwa na kuoshwa tu.

Siku mwenye nyumba alipokuja, Msusi aliwakusanya wanawake wote bombani.

"Bi mkubwa, sisi tumechoka. Ama yeye ama sisi."

"Amewapa shida gani?" mwenye nyumba aliuliza. "Hapigi kelele, hana wageni."

"Ndiyo hiyo shida yenyewe! Mtu gani hana hata mgeni?"

Wakacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la hofu. Mwenye nyumba akawatazama mmoja mmoja. Mmoja mmoja wakaitikia kwa kichwa. Alipofika kwa Mama Bonge, Mama Bonge alikuwa anamfuta mtoto kamasi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliinamisha kichwa, na kichwa kikiinama mbele ya watu wenye hasira huhesabiwa ndiyo.

"Basi," mwenye nyumba akasema. Akageukia chumba cha mwisho na kupaza sauti kutoka pale pale alipokuwa. "Wee mama! Mwisho wa mwezi nakihitaji chumba changu!"

Kisha sauti ikajibu kutoka ndani, bila mlango kufunguliwa: "Nimesikia, dada. Ahsante."

Ile ahsante ilimkaa Mama Bonge kooni kama mwiba wa samaki.

Haikupita wiki, Bonge akaugua. Aliitwa Bonge kwa sababu alizaliwa na mashavu ya kujaa, lakini kikohozi kilimkausha mpaka jina likawa kama utani mbaya. Pumzi ikawa inakwenda kasi, mbavu zinaingia ndani, na mama yake akamfunga mgongoni akakimbia naye hospitali. Homa ya mapafu, wakasema. Akalazwa wodi ya watoto, na mpira mwembamba wa hewa ukawekwa puani kwake.

Msusi alikuja kumtazama. Hakukaa sana. Alipoinuka kuondoka alimwinamia sikioni. "Atakuja humu, si unajua. Akikipaka kitanda cha mtoto, pangusa upesi kabla hakijakauka. Na utuletee habari."

Maneno ya Msusi yalikuwa yameshatangulia. Kila mama wa wodi ile alikuwa na yake. Mmoja alisema ni mafuta ya maiti. Mwingine, aliyejiona mjuzi, akasema si uchawi, ni serikali inachagua watoto wa kupunguza. Walikubaliana jambo moja tu: kupangusa.

Na kweli, mchana mmoja alikuja. Mama Bonge alimtambua kwa viatu. Alipita kitanda hadi kitanda, kichupa mkononi, kijiti kikigusa chuma cha pembeni, mpini wa kimeza, stendi ya maji ya mshipa, tone moja moja. Alipofika kwa Bonge alimwona mama yake, akashtuka kidogo.

"Kumbe ni huyu? Pole, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Shikamoo. Anaendelea... anaendelea tu."

"Marahaba. Ananyonya?"

"Kidogo."

"Akinyonya kidogo leo, kesho atanyonya zaidi." Akagusa chuma cha kitanda kwa kijiti chake, taratibu, kana kwamba anamgusa mtoto mwenyewe. Kisha akaendelea na safari yake.

Mtu aliyemuuliza Mama Bonge kama mtoto ananyonya ndiye huyo huyo aliyekipaka kitanda. Lakini mzazi mwenye mgonjwa haamini hata kivuli chake. Mara tu mlango ulipofungwa, alitia ncha ya kanga mdomoni, akailowesha, akapangusa chuma kile mpaka kikang'aa. Kulia na kushoto akina mama wengine walikuwa wameshaanza. Wodi nzima ilipangusa. Kisha wakatazamana na kucheka kwa aibu, kama watoto walioiba sukari.

Kitanda kimoja tu, cha pembeni, hakikupanguswa. Mtoto wake alikuwa peke yake, mama yake kalazwa wodi nyingine.

Asubuhi Mpakaji alirudi. Safari hii alikuwa na taa ndogo na kitambaa kizito cheusi. Alijifunika kitambaa kichwani, akainamia vyuma vya kitanda cha kwanza, na chini ya kitambaa mwanga wa zambarau ukawaka. Akasogea cha pili. Cha tatu. Mfagizi wa wodi alisimama mlangoni na ndoo yake ya deki, midomo kaikunja.

"Leo bibi kakosa wa kumshitaki?" mfagizi akauliza.

"Leo mmenifurahisha," Mpakaji alijibu kutoka chini ya kitambaa, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Hakuna hata alama moja. Ahsanteni sana."

Mfagizi akastaajabu kuliko mtu yeyote.

Kisha akafika kitanda cha pembeni. Akakaa huko chini ya kitambaa muda mrefu. Alipojifunua, ile furaha haikuwepo tena. Alama zote za kitanda kile zilikuwa pale pale, nzima kama alivyoziacha. Akamtazama mtoto asiye na mama. Akawatazama akina mama wenye watoto, na kila mmoja akajikuta ana kitu cha kutafuta ndani ya mfuko.

Alimwendea Mama Bonge, maana huyo ndiye aliyemjua. Akainama kukitazama tena kitanda cha Bonge, na taa ikapita juu ya ncha ya kanga. Akairudisha taa pale pale.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo humu uone."

Akanyanyua kitambaa cheusi, akamfunika pamoja naye. Palikuwa na giza na joto, harufu ya sabuni, vichwa viwili vimegusana. Ncha ya kanga ilikuwa inawaka kama kimulimuli. Vidole vya Mama Bonge, alivyopangusia, vinawaka. Mpini wa kikombe unawaka. Na shavuni kwa Bonge, karibu na mdomo, palikuwa na alama ndogo ya kidole, buluu, inameremeta.

Mama Bonge akataka kupiga yowe.

"Usiogope. Ni kitu kisicho na madhara, hata mtoto akilamba. Nimekilamba mimi mwenyewe mbele ya wakubwa siku walipokileta." Akaisogeza taa. "Lakini ona. Ulipangusa kitanda, kitanda kikakufuata. Uchafu wenyewe ndivyo unavyotembea, ila wenyewe hauna taa."

Humo humo gizani, kwa kunong'ona, akamweleza. Anaweka alama isiyoonekana mahali panapoguswa na mikono mingi. Kitambaa cha mfagizi kikifika pale, alama inatoka. Kisipofika, inabaki, na taa inasema. Basi. Wagonjwa wanaoletwa na ugonjwa mmoja na kuchukuliwa na mwingine huupatia pale pale, kwenye chuma walichoshika.

"Mimi sipimi watu," alisema. "Napima kitambaa kimefika wapi. Lakini anayepimwa kitambaa chake huona amepimwa yeye."

"Kwa nini husemi? Watu wanasema... wanasema mengi."

"Nayajua. Masikio si ninayo?" Akacheka bila sauti. "Nikisema, wafagizi watapangusa penye alama tu, kwingine waache. Kazi hii ukiitangaza umeiua. Nyinyi hamkuijua, na bado mmeiua kwa kanga. Sasa wodi hii nitairudia siku nyingine, na itabidi nimweleze mkubwa wangu kwamba akina mama wa watoto wananiona mchawi."

Mama Bonge hakujua pa kuweka uso, na chini ya kitambaa pa kuuweka hapakuwepo.

"Zamani nilifagia hapa hapa," mwanamke akaendelea, polepole, kama anayejisemea. "Mimi na wale wafagizi. Tulikula bakuli moja, tukisemana, tukicheka. Wakubwa wakatafuta mkaguzi, wakasema, nani anazijua kona zinazosahaulika kama si aliyewahi kuzisahau? Wakanichukua mimi. Siku ya pili nimekwenda na kijiko changu, nikakuta bakuli limeliwa mapema. Siku ya tatu pia. Nikaelewa."

Akakiondoa kitambaa. Mwanga wa wodi ukawaumiza macho wote wawili.

"Ulichokiona kiweke kwako," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Nakuomba. Mnawishe mtoto uso." Kisha akaenda kwenye kitanda cha pembeni, akamwomba mfagizi kitambaa kilicholowa. Mfagizi akampa bila kumtazama. Wakapangusa wote wawili, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na katikati yao mtoto akiwatazama kwa zamu.

Bonge alipona. Siku waliporudi nyumbani, ua mzima ulimpokea kwa vigelegele, na Msusi akawa wa kwanza kumnyakua.

"Haya tueleze. Ulimwona? Alipaka?"

Mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni. Alijua neno moja tu la taa na alama lingetosha kumsafisha mwanamke yule, na alijua pia kwamba Msusi akilipata saa hii, kabla ya jioni litakuwa limefika kila kichwa mjini, vya wafagizi vikiwemo. Siri ile ilikuwa mikononi mwake kama yai: ukilibana linapasuka, ukililegeza linaanguka.

"Alikipaka kitanda cha mwanangu," alisema mwishowe. Wanawake wakavuta pumzi. "Na mwanangu ndiye huyo, umemshika. Si mchawi yule. Anafanya kazi ya hospitali. Aliniuliza kama mwanangu ananyonya, nyinyi wengine hamkuuliza. Akiondoka kwa maneno yetu tutakuwa tumemwonea."

Bomba lilikuwa linadondosha tone, tone.

Msusi akamtazama Bonge, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa sokoni, akamrudisha kwa mama yake haraka.

"Subiri," alisema. "Bado mapema."

Mmoja akacheka. Wote wakacheka. Wakatawanyika, kila mtu na ndoo yake. Mama Bonge alimfuata mwenye nyumba hadi kwake kabisa, mtoto mgongoni, akarudia maneno yale yale. Mwenye nyumba alimsikiliza vizuri, akamkaribisha kiti, mwisho akasema, "Nakuamini, mwanangu. Lakini nikimbakiza mmoja watanihama wote. Nyumba haikai na ukweli, inakaa na wapangaji."

Tangu siku ile nywele za Mama Bonge zilibaki hazijasukwa. Msusi kila mara alikuwa na kichwa cha mtu mwingine. Bombani, ndoo zilizokuwa mbele ya ndoo yake zikaanza kuondoka taratibu. Akawa anasalimia, na mmoja anajibu kwa niaba ya wote.

Siku moja kabla ya mwezi kwisha, alikuwa anafua nepi za mtoto uani. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa umefungwa kama siku zote, lakini dirishani vikombe havikuwepo. Alisikia kamba ikikazwa, godoro likiburutwa. Alikaa akisikiliza. Wenzake walikuwa wamejaa uani, Msusi na mteja wake wakiwa mlangoni kwao. Mama Bonge akajikaza kisabuni, akainuka, akavuka ua mzima huku mikono ikimdondosha maji, na Bonge mgongoni.

Akabisha hodi. Hakubisha kwa mdomo, alibisha kwa vidole, ko ko ko, juu ya mbao.

Ndani vitu vikanyamaza. Mlango ukafunguka upesi, kwa namna ya mtu aliyedhani amesikia vibaya. Mwanamke yule akamtazama Mama Bonge usoni, kisha akatazama mkono wake uliolowa, kisha mlango.

"Ingia," alisema. "Hapana, ngoja. Simama hapo hapo kwanza."

Akaingia ndani, akarudi na ile taa na kile kitambaa cheusi. Akamfunika Mama Bonge, na Bonge mgongoni mwake akaanza kucheka akidhani ni mchezo. Taa ikawaka juu ya mlango, pale mtu anapogonga.

Palikuwa na duara la buluu, kubwa kama kiganja. Ukingo wake wote ulikuwa safi, mzima. Katikati tu palikuwa pamevurugika, alama tatu za vidole, mbichi, na michirizi ya maji ikishuka.

"Niliipaka siku niliyohamia," mwanamke alisema. "Mkono wa kazi haukai bure. Nilitaka kujua tu nani jirani yangu wa kwanza. Kila nikirudi nilikuwa nazima taa ya chumba, nafungua mlango, naangalia." Akaizima taa. "Kipimo hiki hakijawahi kunidanganya."

Mama Bonge alikumbuka mwenye nyumba akipaza sauti kutoka bombani. Akakumbuka mipira ya watoto, nayo iligonga chini, karibu na kizingiti, haikufika pale juu. Alikumbuka kichwa chake mwenyewe kilivyoinama.

"Mama, nisamehe. Siku ile na mimi niliitikia."

"Najua. Nilikuwa naangalia kwenye ufa." Mkono wake, mkavu kwa sabuni ya miaka, ukamshika bega. "Uliitikia, na ndiwe wa kwanza kubisha. Wengine wameishia kwenye kuitikia."

Wakatoka chini ya kitambaa. Ua wote ulikuwa unawatazama, kitana cha Msusi kimesimama hewani. Mama Bonge akashika ncha ya kanga, aifute ile alama mlangoni kabla mpangaji mpya hajaja. Mwanamke akamzuia.

"Iache. Hawataiona." Kisha akamtoa Bonge mgongoni kwa mama yake, bila kuuliza, akampakata, na Bonge akashika ukosi wa gauni lake kwa ngumi yake nzima. "Nimepata chumba nyuma ya dobi la hospitali, wanakofulia mashuka. Mlango wake ni wa bati, rangi imebanduka. Si mbali na mahali mnapoleta watoto kupimwa uzito."

"Napajua, mama."

"Nikifika nitaweka alama nyingine." Alikuwa anamwambia Mama Bonge, lakini macho yalikuwa kwa mtoto. "Nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Usiache nikaikuta nzima."